Sare ya Daraja la Nne

Nchi ninayoisimulia ina jina, na jina lenyewe ni zuri, ila sheria inakataza kulitaja bila kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ukarabati. Basi tuiite nchi yetu. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi ya mbali sana, haifanani na yoyote anayoijua. Na mimi ni mwananchi mwema ambaye sijaulizwa maoni yangu hata siku moja, kwa hiyo haya ninayoyasema si maoni. Ni habari tu.

Zamani kidogo polisi wetu walivaa kaptula. Kaptula ya kaki, soksi ndefu, kofia ya kitambaa na filimbi. Rungu walipewa pia, lakini wengi waliliacha nyumbani likawa la kugongea misumari. Kati ya kaptula na soksi palibaki goti, na goti la askari lilikuwa mali ya umma. Koplo Sefu Mkwanda, askari wa mtaa wetu, tulimtambua kutoka mbali kwa kovu la goti la kulia, alilopata siku alipoanguka akimkimbiza mbuzi aliyetoroka bucha. Ukishajua mtu kaumizwa na mbuzi huwezi kumwogopa sana.

Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Naishi peke yangu. Niliwahi kuoa, lakini mke wangu alikwenda kumsalimia mama yake, na mpaka leo anasalimia. Kila asubuhi Koplo akienda lindo alisimama dirishani kwangu akaniuliza hali, akauliza kifua changu, akauliza kuku wangu, akaenda zake. Ilikuwa salamu yangu ya kwanza ya siku, na mara nyingi ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu salamu ni kubwa kuliko katiba, kwa sababu katiba hubadilishwa. Mtu akishakusalimu, mkono hauinuliwi, wake wala wako, mpaka salamu ijibiwe yote. Na salamu yetu ni ndefu. Inaanzia kwako, inaingia nyumbani, inawazungukia wazee, watoto na mifugo, ndipo inatoka. Atakayempiga mwenzake salamu ikiwa bado njiani, ukoo wake haupati wa kuoa wala wa kuolewa. Polisi walilijua hilo, na kusema kweli ndiyo iliyokuwa kazi yao yote.

Nakumbuka Pongwa mwenye bucha alipomshikia panga Mashaka, fundi baiskeli, kwa ajili ya mbwa aliyeiba utumbo. Watu tulikuwa tumeshajaa. Koplo Sefu akaja, hakukimbia, akasimama katikati yao.

"Pongwa, hujambo?"

Pongwa alihema kwanza. "Sijambo."

"Nyumbani?"

"Wazima."

"Mama mgongo wake?"

"Unamsumbua sumbua tu, ila anakaa."

"Mashaka, na wewe hujambo? Shemeji hajambo? Yule mbuzi wenu mwenye mimba?"

Mashaka akaanza kueleza habari za mbuzi. Alikuwa mbuzi mwenye historia. Kabla hajamaliza, Pongwa akamkatiza kumuuliza kama ni yule mweupe, na kama atazaa karibuni. Panga lilikuwa limeshaelekea chini.

"Hilo panga," Koplo akasema, "kakatie nyama. Wateja wanangoja."

Basi ndivyo tulivyoishi, kishamba hivyo.

*

Tulikuwa na Waziri wa Amani na Vifaa Vyake, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Lukindo Batamwa. Alialikwa kongamano la amani ng'ambo, katika nchi ambayo nayo siitaji. Alipoteremka uwanja wa ndege huko, akawaona polisi wao. Wamevaa nyeusi kuanzia utosini mpaka kwenye buti, vifua vya chuma, vioo usoni, bunduki begani. Mheshimiwa alisimama akawatazama mpaka mizigo yake ikazunguka na kuzunguka bila mwenyewe. Kisha kongamanoni ikaonyeshwa picha ya polisi wetu, na mjumbe mmoja akauliza kwa upole kama hao ni skauti.

Aibu aliyoipata ilimrudisha nyumbani kabla ya chakula cha kuagana. Tuliitwa uwanjani kumsikiliza.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimefanya uchunguzi wa kisayansi kwa muda wote wa kongamano, ukiondoa mapumziko ya chai. Nimebaini hivi. Nchi ambazo polisi wake wanatisha zina vurugu nyingi. Nchi ambazo polisi wake hawatishi hazina vurugu. Sasa nawauliza, sisi tuna vurugu?"

"Hatuna," tukajibu kwa fahari.

"Basi hiyo ndiyo aibu yenyewe. Wenzetu wameshafika, sisi tumelala na kaptula. Vurugu zikija kesho zitatukutaje? Nasema tuvae leo, ili zikija zitukute tumependeza."

Tukapiga makofi. Kwetu makofi hupigwa kwanza, kuelewa kunafuata. Ni Mashaka, fundi baiskeli, aliyenyoosha mkono.

"Mheshimiwa, kuuliza si ujinga. Haiwezekani kwamba ni hayo mavazi ndiyo yanayoleta vurugu?"

"Swali zuri sana," Mheshimiwa akasema. Kisha akamgeukia msaidizi wake. "Mwandike jina."

Banda la baiskeli lilifungwa wiki hiyo hiyo. Yule mbuzi alizaa pacha, na jirani mmoja akajitolea kuwalea.

*

Sare mpya zikaja. Zilipangwa kwa madaraja, na tulianza na Daraja la Kwanza kwa unyenyekevu. Buti, suruali ya kujaza upepo, kifua cha chuma, na helmeti yenye kioo cheusi iliyofunika kichwa chote hadi kidevuni. Magoti yakapotea. Helmeti ilitengenezwa kwa nchi ambayo polisi hurushiwa matofali, kwa hiyo ilitiwa sponji nene ndani, na sauti haikutoka wala kuingia. Kanuni zikatangazwa redioni. Uso wa askari ni siri ya taifa. Asiuonyeshe kwa raia yeyote isipokuwa mkewe wa ndoa, ndani ya chumba cha kulala. Watoto waliotimiza umri wa kupiga kura nao ni raia.

Koplo Sefu alikuwa na binti mmoja, Tausi, ambaye alikuwa ameshapiga kura, ingawa si kwamba ilihesabiwa.

Asubuhi ya kwanza alipita dirishani kwangu. Akasimama kama kawaida. Niliiona helmeti ikitikisika kidogo na mkono ukijisogeza. Nadhani aliuliza hali, na nadhani alifika mpaka kwenye kuku. Mimi nilijibu yote kwa kubahatisha. Kisha akaenda kwa Pongwa.

Pongwa, ambaye ni mtu wa adabu, akamsalimu. Helmeti ikatikisika. Pongwa hakusikia kitu, akamsalimu mara ya pili. Helmeti ikatikisika kwa nguvu zaidi. Akamsalimu mara ya tatu, polepole, na watu wote sokoni wakisikiliza.

Sasa kwetu, mtu akisalimiwa mara tatu asijibu, huyo ameshakufa. Haijalishi amesimama. Wazee wetu hawakuona sababu nyingine inayoweza kumfanya mtu mwenye akili zake asijibu salamu, na hawakuacha nafasi ya sababu nyingine. Pongwa alivua kofia yake. Akafunga bucha mapema, akapeleka nyama nyumbani kwa Koplo kwa ajili ya matanga.

Matanga yalifanyika vizuri, hakuna aliyelalamika. Marehemu alirudi kutoka lindo jioni akakuta watu wamejaa uani kwake wanakula pilau, akapita katikati yao na buti zake hadi chumbani. Watu walimpisha kwa heshima. Ukuta kati ya nyumba zetu ni mwembamba, nami ni mtu mpweke ambaye hana mengi ya kusikiliza, kwa hiyo niliwasikia alipovua helmeti.

"Rukia," alimwambia mkewe, "mimi mzima. Unaniona."

Bi Rukia hakumjibu yeye. Ukutani palikuwa na picha yake akiwa na kaptula, na mkewe aliigeukia hiyo. "Marehemu mume wangu," aliiambia picha, "nakuona ndiyo. Lakini watu wameshakula pilau. Sasa nikawaambie warudishe?"

Tangu hapo alizungumza na picha. Hakuwa mwanamke mbaya. Aliiambia picha kwamba chai iko mezani, kwamba shati limefuliwa, kwamba dari linavuja, na Koplo alikunywa chai nyuma ya mgongo wake. Usiku mwingine nilimsikia akiiambia picha kwamba amemkumbuka, na Koplo akisema, "Mimi hapa." Mambo hayo si mazuri kuyasikia ukiwa peke yako.

Tausi naye alizuiwa. Mtoto haamkii maiti. Kila asubuhi ya maisha yake alikuwa akimwamkia baba yake mlangoni kabla hajatoka. Sasa alisimama ukumbini ameangalia sakafu mpaka buti zipite.

Nami nilifunga dirisha. Upweke uliniingia, naandika neno hili wazi. Niliwauliza kuku wangu hali, wakanijibu wanavyojua wao.

*

Mitaa yote ikafanya kama sisi. Wenyeviti wa mitaa, watu waaminifu, wakapeleka taarifa wilayani kwamba askari wao wamefariki. Takwimu zikamfikia Mheshimiwa, kwamba karibu jeshi lote la polisi limekufa tangu sare zije.

"Nilisema," aliliambia bunge. "Vurugu zimefika. Fikirini hasara ambayo tungepata kama zingetukuta na kaptula."

Mbunge mmoja akauliza mbona asubuhi hiyo aliwaona polisi kwenye gwaride. Mheshimiwa akaeleza kwamba walikufa wakiwa kazini na wanaendelea na kazi, na kwamba huo ndio uzalendo ambao vijana wanapaswa kuuiga. Bunge likasimama dakika moja kuwakumbuka. Polisi wa ulinzi waliokuwa mlangoni nao walisimama.

Na vurugu, kusema haki, zilikuja kweli. Pongwa alimshikia panga mtu mwingine. Koplo akaja, akasimama katikati yao, akawauliza kwa sauti kubwa hali za nyumbani. Walichokiona wao ni jitu jeusi lisilo na uso limesimama katikati halina salamu. Mmoja akaokota jiwe. Hakuna aliyemzuia, maana hakukuwa na salamu yoyote njiani ya kuuzuia mkono. Jiwe lililia kwenye kioo, watu wakacheka kwa hofu, wakaokota mengine.

Serikali ikachukua hatua. Daraja la Pili lilikuwa na ngao. Daraja la Tatu lilikuwa na glavu nene kiasi kwamba mkono haushikiki, na mabega ya chuma yaliyomfanya askari apite mlangoni kiupande. Kila daraja likija mawe yaliongezeka, na mawe yakiongezeka linakuja daraja jingine. Mheshimiwa alionyesha mchoro wenye mistari miwili, mmoja wa mavazi, mmoja wa vurugu, inapanda pamoja imeshikana kama wachumba. Alialikwa tena ng'ambo, safari hii kutoa mada. Hakuna aliyeuliza habari za skauti.

*

Mwaka ule Tausi akaposwa. Kijana alitoka wilaya ya Ukingoni, fundi seremala, mtu mtulivu.

Posa yetu nayo ni salamu. Anakuja msemaji wa upande wa mume, anamsalimu baba wa binti salamu ndefu, nyumba nzima, na swali la mwisho ni hili: "Na binti yetu, hajambo?" Baba akijibu, "Hajambo, ni wenu," wameshaoana, mengine ni kula. Baba akiwa amekufa anajibu ndugu yake. Kwa hiyo akatafutwa Kombo, mdogo wake Koplo, akashonewa kanzu.

Niliyasikia ukutani.

"Rukia, Kombo asijibu. Nitajibu mimi."

"Marehemu," Bi Rukia aliiambia picha, na sauti yake haikuwa imara, "usinifanyie vituko. Siku moja tu hii ipite."

"Hii ikinipita basi nimekufa kweli."



Kesho yake alikwenda kituoni kuomba ruhusa ya kuvua helmeti kwa salamu moja. Jioni alimsimulia mkewe, aliyekuwa amempa mgongo, na ndivyo nilivyojua. Mkuu wa kituo naye alivaa Daraja la Tatu, hawakusikizana, wakawa wanaandikiana kwa chaki kwenye ngao. Koplo aliandika ombi lake. Mkuu akafuta kwa glavu, akaandika kwamba uso si wake tena, ni wa taifa, na taifa halijaalikwa kwenye posa hiyo. Koplo akaandika, "Ni mwanangu wa pekee." Mkuu akasoma. Akakaa akiitazama ngao. Akaandika, "Mimi wangu wameolewa wawili, niliwaona dirishani." Kisha akafuta haraka, akaandika kwa herufi kubwa: OMBI LIMEKATALIWA.

*

Siku ya posa ilikuwa Jumamosi alasiri. Mikeka ilitandikwa uani, Kombo akakaa mbele na kanzu yake, akitokwa jasho. Msemaji wa upande wa mume alikuwa shangazi wa kijana, Bi Mwanahawa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita feri. Kwao Ukingoni daraja la mto lilikuwa limevunjika, sare mpya hazikuweza kuvuka, na polisi wao wangali na kaptula. Hakujua lolote.

Akakohoa, tayari kuanza. Ndipo mlango wa chumbani ukafunguliwa, akatoka Koplo Sefu.

Alikuwa amevaa kaptula. Alikuwa amekonda na uso umepauka kwa kukosa jua, kama mmea uliofunikwa na debe. Kovu lilikuwa pale pale. Watu wote wa mtaa tukaangalia chini, na Bi Rukia akajifunika khanga usoni.

"Hamjambo wageni," alisema. Sauti ilikwaruza. Hakuwa ameitumia kwa watu mwaka mzima.

Pongwa akamsogelea shangazi, akamnong'oneza. "Huyo asikushughulishe, mama. Ni marehemu."

Bi Mwanahawa akamtazama Koplo juu mpaka chini. "Marehemu gani ana magoti?" akauliza. Kisha, kwa sauti ile ya feri, "Sijambo, baba. Wewe je?"

"Sijambo," alisema Koplo. Akarudia, kana kwamba alitaka kuionja tena. "Sijambo."

"Nyumbani?"

"Wazima."

Walikwenda hivyo, taratibu, kama inavyotakiwa. Niliinua macho. Baadaye Pongwa naye aliinua. Kombo alisogea kimya kimya akaacha nafasi ya mbele. Koplo akakaa, na shangazi akaanza kuwazungukia wazee, mmoja mmoja, walio hai na waliotangulia.

Mwananchi mwema mmoja alikuwa ameshapiga simu. Si mimi. Nchi yetu ina wananchi wema wengi.

Karandinga likasimama nje kabla shangazi hajafika kwenye mifugo. Waliingia askari kadhaa wa Daraja la Nne, ambalo mtaa wetu ulikuwa haujaliona. Siwezi kulieleza vizuri. Lilikuwa kubwa, na vivuli vyake vilijaza ua.

Koplo alisimama. Hakukimbia. Aliwageukia, mikono chini, akafanya alichokuwa akifanya maisha yake yote.

"Hamjambo, vijana," alisema. "Nyumbani hawajambo?"

Alikuwa anawajua wote, ni wenzake wa kituoni, ila hakuweza kujua nani ni nani. Basi akauliza habari za nyumba zote, jina kwa jina, akitumaini kila jina litamfikia mwenyewe. Bi Halua amejifungua? Mzee Shomvi anaona? Rungu la kwanza lilimpata begani. Hakuinua mkono kujikinga, kwa kuwa salamu ilikuwa njiani. Mama yake Ngwinji amerudi kutoka hospitali? Rungu moja lilisita hewani. Lilibaki juu, peke yake, mpaka askari mwenziwe akamgusa kiwiko mwenye nalo, ndipo likashuka.

Nililia. Watu wengi pale walilia, lakini hakuna aliyesogea, na mimi nikiwemo.

Bi Mwanahawa hakuwa amemaliza. Posa kukatwa katikati ni mkosi, na yeye hakuwa mtu wa mikosi. Aliiruka mifugo, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akapaza sauti juu ya marungu.

"Na binti yetu, hajambo?"

Koplo alikuwa chini. Alitema kitu kwanza.

"Hajambo," alisema. Tulimsikia wote. "Ni wenu."

Basi Tausi akawa ameolewa, na hakuna wizara inayoweza kulitengua hilo. Askari walimwinua. Walikuwa wamekuja na helmeti ya ziada, kwa sababu uso wa taifa ulikuwa wazi mbele ya raia, wakamvika, wakaifunga kwa ufunguo kisogoni. Wakaanza kumpeleka.

Tausi alitoka ndani na nguo zake za posa. Alimpita mama yake, akawapita wageni, akasimama mlangoni pale alipokuwa akisimama kila asubuhi.

"Shikamoo, baba," alisema.

Askari walisimama. Sijui waliona nini, maana kusikia hawakuweza. Hatukusikia jibu. Ila kwenye kile kioo cheusi, kwa ndani, usawa wa mdomo, pakatokea ukungu mweupe. Ukakaa kidogo. Ukafutika.

Tausi hakumwamkia mara ya pili. Anayerudia salamu ni yule ambaye hajajibiwa.